Binti Ataka Shindano la Mapishi, Mama Mkwe Asema Chakula si Mchezo

*Shangazi, shikamoo. Mimi ni mama wa watoto watatu, ninaishi Ngamiani, Tanga. Mwezi ujao binti yangu mkubwa anatimiza miaka 10, na safari hii hataki keki na muziki peke yake, anataka shindano la mapishi kama la watoto wa Marekani anaowaona kwenye simu ya baba yake. Nimealika watoto 12, wanne kati yao wavulana. Mama mkwe, anayekaa barabara ya pili kutoka kwetu, amesema chakula si mchezo na kwamba ninawafundisha watoto kufuru. Wifi yangu ameongeza kwamba mwanawe wa kiume hatakuja kufunzwa jiko. Mume wangu amenyamaza. Binti naye ameshawatangazia wenzake kuwa mshindi ni yeye. Je, niahirishe? Mama wa Ngamiani.*

Marahaba, mwanangu. Usiahirishe. Sherehe yako ni nzuri, lakini ina mambo mawili ya kurekebisha, na moja kati ya hayo mama mkwe wako ameliona kabla yako.

Sidhani kwamba anakataza watoto kupika, kwa sababu wanawake wa pwani wa umri wake wengi walipikapika utotoni kwa vifuu vya nazi, mchanga ukawa unga na majani ya mwarobaini yakawa mchicha. Anachokichukia, kwa jinsi ninavyoisoma barua yako, ni unga kurushwarushwa, mayai kupasuliwa kwa kicheko, na sinia zima kuishia jalalani huku jirani mwingine siku hiyo hajawasha jiko. Hapo ana haki. Nenda kwake mwenyewe, usimtumie ujumbe wa simu, umwambie kwamba hakitapikwa kitu ambacho hakitaliwa, kisha umwombe aje awaoneshe watoto namna ya kukunja sambusa. Usimpe kazi ya kuamua mshindi, kwani bibi hawezi kuamua baina ya wajukuu na watoto wa watu bila kuambiwa ana upendeleo. Mpe kazi ya kufundisha.

Nimetaja sambusa kwa makusudi. Watu wengi wanaoandaa sherehe za namna hii huwaachia watoto wapike wanachotaka, na matokeo yake ni vyungu 12 vya vitu visivyolika. Chagueni chakula kimoja ambacho sehemu yake kubwa ni kazi ya vidole, wala si ya moto. Nunua manda zilizo tayari, na nyama ya kusaga uipike mwenyewe kwa tangawizi, kitunguu saumu na pilipili manga, mchana wa siku hiyohiyo, kwa kuwa chakula kilichopikwa hakitakiwi kukaa nje ya friji zaidi ya saa 2, na kwa joto letu la Tanga mimi nisingefika hata huko. Iache ipoe kabisa kabla ya kuwapa watoto, maana nyama ya moto hulowesha manda ikapasuka mkononi. Wagawe watoto makundi matatu ya wanne wanne, kwa kura, na kila kundi lipewe manda 12, kibakuli cha nyama na kikombe kidogo cha unga wa ngano uliokorogwa na maji kuwa gundi.

Hapo ndipo utakapoona shindano lenyewe. Mtoto akikunja kona ya kwanza vizuri hupata mfuko wenye ncha kali. Akikunja kwa pupa, hubaki kitundu chembamba pale chini ambacho yeye hakioni, ila mafuta yatakiona. Sambusa yenye kitundu hunywa mafuta na kutema nyama ndani ya karai, na hakuna mtoto atakayehitaji kuelezwa kwa nini kundi lake limepoteza alama. Kijiko kimoja cha chai cha nyama kinatosha kwa kila moja. Wenye tamaa ya kujaza hujulikana mapema.

Karai liwe uani, mbali na mkeka wa watoto, na mkaangaji awe mtu mzima ambaye siku hiyo hana kazi nyingine hata ya kupokea simu. Mtoto akiungua pamoja na tahadhari zote, mahali palipoungua pawekwe chini ya maji safi ya bomba yanayotiririka, yasiyo na barafu, kwa dakika 20. Msimpake dawa ya meno, mafuta wala yai, na jeraha likiwa kubwa au likiwa usoni, apelekwe hospitali. Mikono ioshwe kwa sabuni kabla ya kuanza. Waulize pia wazazi mapema ni mtoto gani ana mzio wa chakula chochote, hasa karanga na mayai, kwani mtoto mwenyewe akiwa katika furaha hatakumbuka kusema.

Kuhusu wifi yako sina maneno mengi. Harusi zetu nyingi hapa pwani, pilau la masufuria makubwa hupikwa na wanaume, na sijasikia bwana harusi akikataa kulila. Hata hivyo, usimjibu wewe. Huyo ni dada wa mumeo, na kunyamaza kwa mumeo ndiko kunakomfanya aone nyumba ina mwanya. Mwambie mumeo azungumze naye. Mtoto asipoletwa, kundi moja litakuwa na watu watatu, na shughuli itaendelea.

Jambo la pili, ambalo kwangu ni zito kuliko la mama mkwe, ni binti yako. Asishindane. Mwenye shughuli hawanyang'anyi wageni wake ushindi nyumbani kwake, na akishindwa itakuwa ni kilio siku yake ya kuzaliwa. Mimi nimewahi kulikosea hili: niliamua mashindano ya watoto katika sherehe moja nikamtangaza mtoto wa mwenye nyumba, ambaye kweli alistahili, lakini mama wa mtoto aliyefuata hakunisalimia kwa miezi. Vile vipindi anavyovitazama humtoa mtoto mmoja baada ya mwingine kwa sababu machozi huvuta watazamaji, na wewe huna watazamaji wa kuwavuta.

Mwambie mapema, jioni mkiwa wawili, wala usingoje siku yenyewe. Huenda akalia. Kisha mpe madaraka ya kweli: yeye ndiye atakayeendesha kura, atakayepiga kengele ya kuanza na kumaliza, na atakayebeba sahani zenye namba 1, 2 na 3 kuwapelekea waamuzi, ambao wawe majirani wasio na mtoto humo na wasiojua sahani ipi ni ya nani. Zawadi iende kwa kundi, na iwe kitu kinachogawanyika kwa wanne, kama penseli za rangi. Sikushauri utangaze kwamba wote wameshinda, kwani watoto wa miaka 10 wanajua kuhesabu.

Na kwa kuwa naye anataka kupika, mkunjishe sambusa zake mapema, kabla wageni hawajafika. Bibi yake akiwa amekubali kuja, atazikuta mezani. Akiwa amekataa, zikitoka mafutani azipange kwenye sahani, azifunike kwa kawa, azipeleke mwenyewe barabara ya pili.