Paa Bapa, Kioo Kikubwa: Maswali Yenu Kuhusu Nyumba za Miaka ya 50 na 60

Safari hii barua karibu zote zimetoka kwa watu walionunua au kurithi nyumba za modeni za katikati ya karne iliyopita, zile za paa bapa au paa la kipepeo, yaani lenye pande mbili zinazoinamia katikati, kioo kutoka chini mpaka juu, ukuta mrefu wa tofali na banda la gari lililoungana na nyumba. Nimefurahi sana manake ndo nyumba ninazozipenda kuliko zote, na pia ndo zinazoharibiwa kirahisi kuliko zote, tena na watu wenye nia njema kabisa. Nimechagua tano.

SWALI: Habari za kazi fundi. Nyumba yetu ni ya mwaka 1958, paa bapa, mvua ikinyesha tunatega ndoo sebuleni. Fundi aliyekuja kuangalia anasema dawa ni moja tu, tujenge paa la mteremko juu ya hilo la zamani. Mume wangu ameshakubali ila mi roho inasita. Kwani paa bapa lazima livuje?

Salama dada. Hapana, halilazimiki kuvuja, na roho yako inasita kwa haki. Kwanza jua paa bapa zuri si bapa kabisa, linatakiwa liwe na mteremko mdogo kama sentimita 2 kwa kila mita, macho hayauoni lakini maji yanauona. Nyumba nyingi za wakati huo zilijengwa na mteremko pungufu ya huo, au ulikuwepo ukapotea baada ya boriti kulegea miaka sitini, sasa maji yanakaa. Kipimo chake rahisi: mvua ikiisha subiri siku mbili, panda juu uangalie, kama bado kuna dimbwi baada ya saa 48 hapo pana tatizo.

Jambo la pili, mara nyingi maji hayaingilii pale ndoo ilipo. Yanaingilia pembeni, paa linapokutana na ukuta, bomba linapotoboa, au kile kipande cha bati kinachofunika maungio kikiwa kimeinuka, afu yanatembea juu ya mbao mita kadhaa ndo yanadondoka sebuleni. Kwa hiyo kabla ya kulipia paa zima mtafute mtu akague maungio yote moja moja.

Kama lami na kokoto za zamani zimechoka kweli, zitolewe zote, msirundike tabaka juu ya tabaka manake uzito unaongezeka. Halafu ziwekwe mbao za insulesheni, yaani za kuzuia joto na baridi, zilizokatwa kwa mshazari, nene upande mmoja nyembamba upande mwingine, hizo ndo zitakazowapa mteremko mliokosa, na juu yake membreni mpya, yaani shuka la kuzuia maji, ya mpira au plastiki. Insulesheni ikae juu manake kwenye nyumba nyingi za aina hii dari ndo paa lenyewe, unaona boriti na mbao zake ukiwa umekaa kwenye kochi, huna pa kuificha chini.

Sasa naomba unisikilize hapa zaidi ya popote. Uzuri wote wa nyumba yako uko kwenye ukingo wa paa. Simama barabarani uutazame, ule mstari mwembamba unaokwenda moja kwa moja toka mwanzo wa nyumba mpaka mwisho, na kivuli kirefu chini yake. Paa la mteremko litaufuta siku ya kwanza, na pia zile nguzo nyembamba zilizoachana mbali hazikupigiwa hesabu ya kubeba mzigo huo wala upepo utakaolisukuma. Lakini hata kwa kurekebisha tu unaweza kuuharibu: fundi akiweka insulesheni nene mpaka mwisho kabisa, fishabodi, ule ubao wa ukingo wa paa, ya sentimita 20 inakuwa ya 40, na nyumba inaonekana kama mtoto aliyevaa kofia iliyomzidi. Mwambie unene uishie juu ya ukuta, kule upenuni ambako chini hakuna chumba ibaki nyembamba kama ilivyokuwa. Mwandikie kwenye mkataba kabisa.

Kama mumeo anaona ni jambo dogo msimulie habari ya Kaufmann House, iliyochorwa na msanifu Richard Neutra kule Palm Springs, Marekani, mwaka 1946. Wenye nyumba waliofuata waliifanyia mabadiliko mengi, ukumbi wa nje ukazibwa, mashine za eyakondishina zikawekwa juu ya paa, mistari ikapotea. Ilipokuja kurudishwa miaka ya 90, pamoja na mambo mengine ilitafutwa mashine maalumu ya kukunja bati ili tu ukingo wa paa utoke kama wa mwanzo, na machimbo ya mawe yakaombwa yachimbe tena ili jiwe lifanane na la zamani. Wewe ukingo wako bado upo. Usiutoe.

SWALI: Kaka, ukuta wa mbele ni tofali ndefu nyembamba za rangi ya udongo, naona zimepitwa na wakati, kila mtu sasa anapiga nyeusi au nyeupe. Nipige rangi gani?

Usipige. Najua si jibu ulilolitaka. Tofali likiachwa wazi linanywa maji kidogo na kuyatoa, likifunikwa na rangi ya plastiki maji yakaingia kupitia ufa yanakosa njia ya kutoka, na panapoganda barafu ndo tofali linaanza kubanduka uso. Na ukishapiga huwezi kurudi, kuitoa rangi kwenye tofali ni kazi ya dawa na wiki nyingi, na ukitumia mchanga wa presha unaondoa ngozi ngumu ya tofali pamoja na rangi.

Kabla hujaamua nenda na tochi jioni, iweke karibu na ukuta uimulike kwa pembeni. Kuna ukuta wa enzi hizo ambao mistari ya saruji ya kulala imekwanguliwa ndani karibu sentimita moja, wakati ile ya kusimama imejazwa mpaka usawa wa tofali na kutiwa rangi ileile ya tofali. Mwashi alifanya hivyo makusudi ili jicho lione mistari ya kulala tu na ukuta uonekane mrefu zaidi. Kama wako ni huo, una kazi ya mikono ambayo waashi wengi wa leo hawaifanyi tena, na rangi nyeusi itaimeza yote manake kivuli hakionekani juu ya weusi.

Osha kwa maji ya kawaida, sabuni laini na brashi ya nailoni, si ya waya. Jaza saruji palipotoka, kwa kina kilekile na rangi ileile. Hamu ya rangi itoe kwenye mlango wa mbele: chungwa, njano ya haradali, bluu ya bahari, hapo ndo nyumba hizi zinapenda rangi kali.

SWALI: Fundi naomba ushauri, tuna ukuta mzima wa kioo cha safu moja, fremu za chuma, jua likiwaka tunaiva, baridi ikija tunatetemeka na kioo kinatoa jasho. Tubadilishe tuweke madirisha ya plastiki?

Hamko peke yenu, hata Farnsworth House ya msanifu Mies van der Rohe iliyokamilika 1951 kule Illinois, Marekani, ilikuwa na kioo cha safu moja na shida ileile ya joto na jasho.

Anzeni na nje. Kivuli kinachozuia jua kabla halijagusa kioo kina nguvu kuliko pazia la ndani, manake likishapita kioo joto limeshaingia ndani. Tazameni upenu: mara nyingi msanifu aliupima ili jua la kiangazi, linalopita juu, lisiingie, na la majira ya baridi, linalopita chini, liingie lipashe sakafu. Kuna watu wameukata huo upenu wakidhani ni pambo. Kama wenu ulikatwa, kuurudisha kutawasaidia kuliko kitu kingine chochote, na kama upo ila upande wa magharibi haufui dafu kwa jua la jioni, wekeni vipande vya mbao vya kusimama au panda mti.

Kisha kioo. Vioo vya tabaka mbili vyenye mpako wa kuzuia joto ni vizuri sana ila angalieni unene wa fremu. Fremu ya chuma ya zamani unaweza kuifunika kwa vidole viwili, ya plastiki inataka kiganja kizima, na ukizidisha mara idadi ya madirisha umeshapoteza nusu ya uwazi mliokuwa mnaupenda. Zipo fremu mpya nyembamba za alumini au chuma zenye kizuizi cha joto katikati, ulizeni hizo. Kama za zamani ni nzima, kwangua kutu, piga praima ya zinki, weka puti mpya, bado zina miaka mingi. Tafadhali msibandike filamu nyeusi kwenye kioo cha zamani bila kuuliza mtaalamu, kioo kikishika joto bila kulingana kinapasuka chenyewe. Na kioo kinachofika sakafuni kama ni cha mwanzo huenda si cha usalama, mtoto akikigonga kinavunjika mapande marefu yenye ncha, kwa hiyo kama mna watoto hicho kibadilishwe kabla ya vyote.

SWALI: Ukuta wa matofali ya matundu, yale ya maua, umeota ukungu mweusi. Nibomoe?

Usibomoe ndugu yangu, sugua. Ila kwanza usukume kidogo kwa mkono. Matofali haya mara nyingi hupangwa moja juu ya jingine bila kupishana, kwa hiyo ukuta unategemea nguzo za pembeni na nondo za ndani, na nondo ikipata kutu inavimba na kupasua zege. Ukiona ufa wa kusimama wenye alama ya kahawia, ita mhandisi. Ukiwa imara, brashi na maji tu, na hakikisha kimwagilio cha bustani hakiupigi kila siku.

SWALI: Chini ya upenu kuna shiti za kijivu zimefifia, nataka nizipige msasa nipake rangi wikiendi hii.

Simama hapohapo, weka msasa chini. Shiti za saruji za enzi hizo mara nyingi zina asbesto, na vumbi lake likiingia mapafuni halitoki. Zikiwa nzima bila kuguswa hazikudhuru, hatari ni kuzipiga msasa, kuzitoboa, kuzivunja au kuziosha kwa mashine ya presha. Muite mtu mwenye kibali achukue kipande kidogo kikapimwe maabara, na mwambie apime na rangi ya zamani kwenye mbao pia, inaweza kuwa na madini ya risasi, Marekani waliipiga marufuku majumbani mwaka 1978 tu na nyumba yako imeitangulia. Majibu yakirudi niandikie, tutaongea habari ya rangi.