Kisima cha mtaa baada ya mafuriko: klorini tumetia, mbona watoto bado wanaharisha?

SWALI: Sisi ni kaya 14 za Kigogo, Dar es Salaam, bondeni mwa mto Msimbazi, tunachota kisima kimoja. Mafuriko yalipita juu ya mdomo wake. Maji yalipoondoka tulichanga, tukanunua klorini ya unga, tukaimwaga kisimani jioni ile ile. Harufu ilikuwepo, lakini wiki hii watoto wanne wanaharisha. Tulikosea wapi?

JIBU: Dawa mliyonunua ni sahihi, mliitia mapema mno. Klorini ikikuta tope, majani na kinyesi huishia humo, vijidudu vikasalimika. Harufu isiwadanganye: ikishikana na uchafu hunuka zaidi huku makali yake yamepungua.

Anzeni upya. Choteni maji yote mpaka mfikie tope la chini, mlitoe, kisha msugue kuta. Fanyeni polepole, kwa kupumzika, kwani ardhi bado imelowa na kisima kikikauka ghafla kuta hubomoka. Pampu ya petroli isishushwe kisimani hata kidogo. Moshi wake humwua aliye chini kabla hajapiga kelele.

Maji yakirudi na yakiwa meupe, ndipo mpime. Kila lita 100 hutaka gramu 15 za klorini ya unga yenye nguvu ya asilimia 65 hadi 70. Kisima chenye kipenyo cha mita 1 na kina cha maji mita 3 kina lita kama 2,360, basi ni gramu 350 hivi. Ikorogeni kwanza katika ndoo ya plastiki, ituame, mmimine maji ya juu, mkoroge kisima kwa mti mrefu. Kisha subirini: dakika 30 ndizo za chini kabisa. Mimi huwaambia watu waache usiku kucha, mfuniko ukiwa na kufuli, maana hakosi mtoto anayetumwa maji alfajiri. Asubuhi yatoeni tena hadi harufu iishe.

Lakini kuna la vyoo, na hili ndilo gumu kulisema mbele ya majirani. Mvua kubwa ikija, wapo wanaotapisha vyoo, yaani kuachia kinyesi kitoke nje, ili mkondo uchukue. Kinachotapishwa upande wa juu ndicho mnachokichota. Choo kilicho karibu kuliko mita 30, hasa upande wa mlimani, kitarudisha uchafu hata mkitia klorini kila juma. Kabla ya kuchanga tena, mwombeni mwenyekiti wa mtaa na bwana afya wa kata mzunguke pamoja nyumba kwa nyumba. Choo kisipohamishika, kisima kibaki cha kufulia tu.

Hao wanne wasisubiri kisima. Wapeni maji ya ORS (unga wa kurudisha maji mwilini) sasa hivi na muwapeleke zahanati leo. Anayehara maji kama yaliyooshea mchele apelekwe mbio. Ya kunywa chemsheni, kwa nyumba zote 14.