Wasia kwa sahibu aliye mtu baki

SWALI: Assalaam alaykum, Sheikh. Mimi ni mjane, sikujaaliwa mtoto, na wazazi wangu wametangulia. Nina kaka mmoja na dada mmoja, wa baba mmoja na mama mmoja. Nina pia sahibu yangu. Tulianza chuo pamoja tukisoma alifu na hatujaachana mpaka leo, zaidi ya miaka 50. Nilipougua miezi minane, yeye ndiye aliyeniuguza. Akilala mkekani kando ya kitanda changu, mkono kauweka juu ya godoro ili nikijigeuza azinduke. Ndugu zangu walipiga simu mara mbili. Sasa nimepona, nataka nimwachie nyumba yangu. Kaka anasema mtu baki hana kitu katika mali ya Muislamu, na nikiandika wasia huo nitakufa dhalimu. Nisaidie, usingizi umenipaa.

JIBU: Waalaykumu ssalaam warahmatullahi wabarakatuh. Mama yangu, kwanza lala. Hujadhulumu mtu.

Kwamba sahibu harithi, hilo halina mjadala. Lakini kaka yako amechanganya mirathi na wasia, na si yeye peke yake. Maneno haya nayasikia kila msiba, tena kwa watu wa elimu. Wanaitumia hadithi ya Mtume (s.a.w.): "Hapana wasia kwa mrithi." Subhanallah! Hadithi imemzuia mrithi, wao wanamzuia asiyerithi. Kaka yako ndiye asiyeandikiwa wasia, kwa kuwa fungu lake Allah amekwisha kulikata. Mtu baki ndiye hasa mlango wa wasia ulipofunguliwa.

Wengine huleta aya ya 6 ya Suratul Ahzab. Muhajirina (waliohama Makka) na Ansari (wenyeji wa Madina waliowapokea), waliounganishwa udugu Madina, walikuwa wakirithiana, kisha mirathi ikarejeshwa kwa jamaa wa damu. Ni kweli. Ila wasomaji hawa hukata pumzi katikati ya aya, kwani inaendelea: isipokuwa mkiwafanyia wema marafiki zenu. Wafasiri wa Qur'ani wameutaja wasia katika wema huo. Aya ileile iliyowatoa marafiki kwenye mirathi ndiyo iliyowaachia mlango, na sisi tunaufunga kwa jina la dini!

Na tazama Suratun Nur, aya ya 61, inapohesabu nyumba ambazo mtu hana lawama kula humo: za baba, za mama, za kaka, za dada, za ami, za shangazi, za wajomba, za mama wadogo na wakubwa, kisha "au rafiki yenu". Allah amempanga rafiki katika safu ya jamaa.

(Udugu huu lakini hauleti umahram, yaani ujamaa unaozuia ndoa. Mume wa sahibu yako ni ajinabi, mtu baki, kwako kama wanaume wengine.)

Mpaka wa wasia ni theluthi ya mali. Sahaba Saad bin Abi Waqqas (r.a.) alipougua Makka aliomba kutoa theluthi mbili, akakatazwa; nusu, akakatazwa; Mtume akasema: "Theluthi, na theluthi ni nyingi." Basi thamani ya nyumba ikiwa haizidi theluthi ya mali yako baada ya madeni, iandike, na hakuna wa kuipinga. Ikizidi, ile ziada itahitaji ridhaa ya kaka na dada baada yako. Na kwa kuwa umepona, unaweza pia kumpa hiba, yaani zawadi ukiwa hai, sasa hivi, akaipokea na kuimiliki. Hiba ya mtu mzima wa afya haifungwi na theluthi. Ila chunguza moyo wako. Ukiwa unampa kwa wema wake, toa. Ukiwa unampa ili kaka akose, subiri kwanza hasira ipoe.

Usikawie kuandika. Mtume amesema haimfalii Muislamu mwenye cha kuusia alale siku mbili ila wasia wake umeandikwa. Weka mashahidi wawili waadilifu wasio na fungu humo, na sahibu yako mwambie mwenyewe kwa mdomo wako, asije akayasikia matangani huku watu wanamtazama kama mwizi.

Kaka yako naye usimkate. Simu mbili ni chache, lakini ni simu. Mpigie wewe ya tatu. Mweleze uliuguzwa na nani, na mkono ule ulilala wapi usiku. Huenda hajui.

Allah akudumishie afya, wewe na sahibu yako. Wallahu aalam.