MP3 au FLAC? Jiulize kwanza wimbo umetoka wapi

Hapa Mtwara, mtu akijua tu kwamba natunza muziki kwenye kompyuta, swali lake la kwanza ni hilo: niweke MP3 au FLAC, zile namna mbili za kubana sauti kwenye faili? Wengi wanategemea niseme FLAC, kwa kuwa ndiyo inayosifiwa na mafundi. Mimi nawauliza kwanza wimbo wameutoa wapi. Wa kupakua mtandaoni, ambao hata kesho utaupata, MP3 inatosha. Lakini kanda ya marehemu babu, au ngoma uliyoirekodi mwenyewe kule Newala, usiibane kwa MP3 kabla hujaiweka kwanza ikiwa kamili, yaani kwa FLAC.

Tuanze na nafasi. Sauti ya CD hupimwa mara 44,100 kwa sekunde, biti 16 kila kipimo, kushoto na kulia. Dakika moja hula takriban MB 10. FLAC, iliyotoka mwaka 2001, huipunguza mpaka karibu nusu au zaidi kidogo ya hapo, na ukiifungua unapata sauti ileile, biti kwa biti. MP3 ya kilobiti 320 kwa sekunde hula kama MB 2.4 kwa dakika, ila inapunguza kwa kutupa vile inavyodhani sikio halitavisikia. Flashi ya GB 32 itabeba nyimbo kama 3,000 za MP3 hiyo, au elfu moja hivi za FLAC. Na kama unapakua kwa bando, hesabu unaijua mwenyewe.

Tofauti inasikika? Mwambie mdogo wako akuchezee zote mbili bila kukuonyesha ipi ni ipi. Kwenye sabufa ya barazani, bodaboda zinapita, mimi sizitofautishi, na nina wasiwasi na anayeapa kwamba yeye anaweza.

Ukishuka mpaka kilobiti 128 mambo yanabadilika, hasa kwa muziki wa huku kwetu. MP3 huikata sauti vipande vidogo na kukibana kila kipande peke yake. Kinanda kinachovuta noti ndefu hakiisumbui. Mkono ukitua ghafla kwenye ngozi ya ngoma, chenga za ule mdundo husambaa kwenye kipande kizima, hata sehemu iliyotangulia pigo lenyewe, na pigo linakosa makali. Njuga, makofi na vigelegele ndiyo kabisa: vinatoka kama maji yanayochemka. Kwa hiyo sindimba inaumia pale ambapo taarabu ya polepole inapita salama. Ukirekodi ngoma kwa simu, ingia kwenye mipangilio ya kinasa sauti utafute WAV, yaani sauti isiyobanwa, halafu nyumbani uigeuze FLAC. Kitufe cha sauti cha WhatsApp kiachie maneno ya watu.

Kanda nazo zina haraka yake. Unyevu wa pwani huziotesha ukungu, na redio kaseti nzima zinazidi kuadimika. Safisha kichwa cha redio kwa spiriti na pamba, unganisha kwa waya badala ya kutega maikrofoni mbele ya spika, rekodi kwa biti 16. Anayekuuzia habari za biti 24 na vipimo 192,000 kwa kanda ya kaseti anakujazia diski bure; mvumo wa kanda yenyewe unafunika hayo yote.

Kuna wanaogeuza MP3 kuwa FLAC wakidhani wameipandisha daraja. Machicha hata ukiyatia sufuria kubwa hayarudi kuwa tui. Ukilitilia shaka faili ulilopewa, lifungue kwa programu ya Spek, ambayo ni ya bure na huchora picha ya sauti: likiwa limetoka kwenye MP3 ya 128, mara nyingi utaona sauti nyembamba za juu zimekatika karibu na kilohezi 16.

Wenye iPhone wanaweza kutumia ALAC, namna ya Apple ya kubana bila kupoteza kitu; ni jambo lilelile.

Faida ya FLAC ambayo haisemwi sana ni kwamba kila faili hubeba alama ya kujikagua, hivyo programu inaweza kukuambia kama limeharibika. Haitakurudishia lililopotea, kwa hiyo nakala ya pili iwe nyumba nyingine. Yangu iko kwa dada, Masasi. Na kabla ya kunakili, andika ndani ya faili nani anapiga, kijiji gani, mwaka gani, wakati wazee wanaozitambua sauti hizo bado wapo wa kuulizwa.