Jibu kwa anayetaka meza ya karakana: bresi kwanza

Usiinunue hiyo skwea paipu (paipu ya chuma ya pande nne), shekhe. Umesema fundi wako hapo Mkoani amekupigia hesabu ya miguu minne ya 50 kwa 50, unene 1.2 mm, mikanda juu na chini, plaiwudi, na jiliwa (kibano cha mezani) la inchi 6 la kufungulia mashine za boti. Halafu unauliza urefu, rangi na mbao. Hayo yasubiri. Mchoro wako hauna bresi hata moja, yaani kile chuma cha mshazari kinachofunga fremu kona kwa kona.

Meza ya karakana haiuawi na uzito wa juu. Inauawa na ubavu: unapiga tupa, unakata kwa msumeno wa chuma, unaning'inia kwenye spana kulegeza nati iliyoshikwa na chumvi. Kila msukumo unataka kuilaza fremu upande, na kinachozuia ni ile mishono ya kuchomelea kwenye kona tu. Kwenye 1.2 mm fundi anaogopa kutoboa, anadondosha matone. Siku utaona ufa mwembamba kama unywele, kando ya mshono na si katikati yake, rangi imeachia na kutu inachuruzika kama chai. Hapo meza imekwisha.

Aliyeniuzia chuma mimi alisema niongeze unene, basi. Nikaongeza, na meza ikayumba vile vile. Watu hawa wanauza chuma, hawajali meza itasimamaje! Kutoka 1.2 hadi 3 mm mguu unakuwa mkakamavu mara mbili na kidogo tu. Chukua 3 mm, maana inapokea mshono vizuri na inachelewa kuliwa na kutu, lakini haishiki nafasi ya bresi.

Nyuma weka moja, kila ubavu moja, mbele acha wazi kwa magoti. Tumia chuma cha engo (chenye umbo la L) 40 kwa 40 kwa 4 mm, mshazari wa karibu nyuzi 45, ncha zifike konani kabisa. Ikiishia katikati ya mguu, mguu utapinda hapo hapo. Chuma bapa ukitumia, viwe viwili vinavyokatizana, kwani bapa hushika likivutwa, likibanwa linapinda. Shikiza kwanza kwa matone, pima kona kwa kona, vipimo viwili vilingane, ndipo uchomelee kwa kubadilisha pande, maana mshono ukipoa huvuta. Ncha za paipu zizibwe kabisa. Hewa ya pwani ikiingia, kutu inakula kutoka ndani na huioni.

Jiliwa likae juu ya mguu, taya lisilotembea litokeze kidogo nje ya ukingo ili paipu ndefu isimame wima bila kugonga meza. Boliti zipite mpaka kwenye bamba la 6 mm chini ya plaiwudi. Plaiwudi peke yake hubonyea, nati zikalegea.

Kabla ya rangi, weka bilauri ya maji juu ya meza, simama ubavuni, sukuma kwa nyonga. Maji yakicheza na miguu haijahama sakafuni, usimmalizie fundi pesa yake.