Wagonjwa 36 kati ya 40 walikula kuku: je, kuku ndiye chanzo?

Mkuu, unasema umehoji wote 40 walioharisha baada ya sherehe, 36 wakasema walikula kuku, basi kuku ndiye chanzo. Bado. Kama karibu kila mtu pale alikula kuku, hata wazima wengi watakuwa wamemla. Rudi ukawahoji wazima, kwa maswali yaleyale.

Tuseme wageni walikuwa 120. Waliokula kuku 108, wakaugua 36. Wasiomla 12, wakaugua 4. Kote ni asilimia 33, kwa hiyo kuku hana kesi ya kujibu. Njoo kwenye saladi: walioila 50, wakaugua 35 (asilimia 70), wasioila 70, wakaugua 5 (asilimia 7). Hatari ni karibu mara 10! Ila ukihesabu wagonjwa peke yao, kuku (36) anaishinda saladi (35).

Hao 5 waliougua bila kula saladi wasikuvuruge. Huenda wamesahau walichokula, au kijiko cha saladi kiliingia kwenye chakula kingine, au vigezo vyako vya nani ahesabiwe mgonjwa vimelegea. Viandike kabla ya kuhoji: alihudhuria, akaharisha mara 3 au zaidi ndani ya saa 24, dalili zikaanza ndani ya saa 72 baada ya mlo. Usiongeze "alikula kuku", hapo umeshahukumu.

Idadi ya wageni isipojulikana, asilimia hizi hazipatikani. Tafuta wazima wa kulinganisha, ukokotoe uwiano wa odi: kwa wagonjwa, gawanya waliokula chakula fulani kwa wasiokila; fanya vivyo hivyo kwa wazima; kisha gawanya jibu la kwanza kwa la pili.

Grafu ya nguzo ichore kwa saa dalili zilipoanza, siyo saa mtu alipofika hospitali. Upana wa nguzo uwe robo hadi theluthi ya kipindi cha kuatamia (muda kati ya kuambukizwa na dalili kuanza) cha ugonjwa unaoushuku. Wengi wakitapika ndani ya saa 1 hadi 6 baada ya mlo, fikiria sumu ya bakteria stafilokokasi. Kilele cha grafu kikiwa saa 12 hadi 36 baada ya mlo, na homa ikiwepo, bakteria salmonela ni mshukiwa mzuri. Ukisikia kuna aliyeharisha kabla ya mlo, hatimizi vigezo, lakini mtafute: huenda aliandaa chakula.

Sampuli za choo zichukuliwe kabla ya antibayotiki, na mabaki ya chakula yawekwe kwenye friji leo, maana jikoni husafishwa haraka. Saladi iliyobaki isiliwe tena. Usisubiri majibu ya maabara.