Niache ushauri nihamie kiwandani?

SWALI: Mama, shikamoo. Ninaishi Nakuru, mtaa wa Section 58, na kazi yangu ni katika kampuni ya ushauri wa biashara yenye ofisi Nairobi. Huu ni mwaka wa sita. Jumatatu alfajiri niko kwenye matatu, Ijumaa usiku ndipo narudi, na mwanangu wa Gredi ya 4 siku hizi huniuliza naondoka lini kabla hajauliza nimemletea nini. Mwaka huu tulifanya kazi ya miezi mitatu katika kiwanda kimoja cha sukari ukanda wa Nyando. Tulipomaliza, mkurugenzi mkuu akaniita kando: nije niwe meneja wa mageuzi, ofisi mlango wa pili kutoka kwake, mshahara uleule ninaopata sasa. Meneja wa kilimo naye ana nafasi ya msaidizi wake upande wa ugavi wa miwa, lakini mshahara uko chini kwa karibu robo. Wenzangu wanasema nikichukua hiyo ya miwa nimejishusha. Mume wangu, ambaye ni mwalimu hapa Nakuru, anasema nichague yoyote mradi nipumzike safari. Nishike ipi?
Mchovu wa Safari, Nakuru

JIBU: Marahaba, binti yangu. Shika ya miwa. Sasa nikupe sababu, maana hao wenzako watakucheka na utahitaji la kuwajibu.

Mimi nilikaa ofisi ya mipango ya uzalishaji katika kiwanda cha sukari huku Kisumu mpaka nikastaafu, na washauri nimewapokea wa kila namna. Watoto wa watu, wana adabu, chai haijachemka wao wameshafungua kompyuta. Kundi moja lilituambia tupunguze vipuri stooni kwa kuwa pesa nyingi zilikuwa zimelala kwenye rafu. Hesabu yao haikuwa na kasoro. Haukupita muda, beringi ya pampu ya juisi ikafa usiku. Stoo haina, na iliyo karibu iko Mombasa. Pampu ikisimama, vinu vinasimama. Vinu vikisimama hakuna makapi ya miwa ya kulisha boila, boila inapoa, na kuiwasha tena ni kuni za malori. Kulipokucha matrekta yalikuwa yamejipanga kutoka uwanja wa miwa hadi barabara kuu. Na muwa uliokatwa haungoji mtu. Siku moja mbili juani, sukari inapungua na uzani unakauka, na mkulima anasimama pale akiitazama pesa yake ikipotea. Mzee mmoja wa Koru akaniuliza, "Mama, hawa waliosema vipuri ni vingi, tunawapata wapi?" Walikuwa Kampala, kwa mteja mwingine.

Aliyeandika ripoti ile hakuwa mjinga. Ila hakuna aliyewahi kumpigia simu saa tisa za usiku. Basi ukiziweka barua zako mbili za kazi mezani, tazama ni ipi itakayokuletea simu hiyo. Meneja wa mageuzi hapigiwi. Hana zamu, hana bajeti, hana hata karani anayemwomba ruhusa ya kwenda matanga. Ana slaidi na mlango wa pili. Kazi ni ileile ya ushauri, tena sasa una mteja mmoja tu. Siku huyo mkurugenzi akiondoka, na wakurugenzi wa sukari huondoka, atakayekuja atauliza huyu wa mageuzi aliletwa na nani.

Upande wa miwa ni kinyume chake. Muwa huku kwetu huchukua karibu mwaka na nusu kukomaa. Ukikosea kupanga upanzi leo, utasaga kosa lako ukiwa bado hapohapo, mbele ya wakulima wanaokujua kwa jina. Kazi yako ya Nyando ilikuwa ya miezi mitatu. Muwa uliopandwa siku mnaingia ulikuwa haujafika kiunoni mlipoondoka. Wewe umewahi kupendekeza, lakini hujawahi kungoja mavuno ya pendekezo lako. Ukikaa misimu miwili mitatu hapo, hakuna kiwanda cha chakula nchini kitakachokuuliza kama unaijua kazi au unaisimulia tu.

Tuje kwenye pesa, maana robo si kitu kidogo. Usilinganishe mshahara kwa mshahara. Chukua hati zako za malipo za mwaka mzima, uweke kando posho za safari, kwa sababu hizo, ndani ya kiwango kilichowekwa, hazikatwi kodi, na wengi wenu mnalipia karo kwa posho bila kujua. Mshahara ukipanda au ukishuka, PAYE (kodi ya mshahara), asilimia 2.75 ya SHA (bima ya afya ya serikali) na asilimia 1.5 ya tozo ya nyumba vinaufuata hukohuko. Halafu uliza kama nafasi ya miwa ina nyumba ya kampuni. Nyumba na usafiri vinaweza kula sehemu kubwa ya hiyo robo. Na uombe nyongeza kabla hujatia sahihi. Wewe umeshakijua kiwanda, hawatalipa muda wa kukufundisha pa kupita. Robo nzima hawatakupa. Nusu yake inawezekana.

Kabla ya hapo, soma mkataba wako wa sasa. Kampuni nyingi za ushauri huweka kifungu cha kukukataza kwenda kwa mteja kwa muda fulani, na mara nyingi mteja naye amefungwa kwenye mkataba wake asiwachukue ninyi. Sheria ya Kenya inaipa mahakama uwezo wa kukitupa kifungu kisicho cha haki, lakini hutaki kuanza kazi kwa kesi. Nenda kwa bosi wako, mwambie waziwazi. Kampuni hizi hupenda kuwa na mtu wao wa zamani ndani ya kiwanda, ndiye huwaita tena.

Sasa kichunguze kiwanda, na usikichunguze kwa ripoti yenu. Uliza mshahara ulilipwa vipi mwaka 2023, usagaji uliposimamishwa kwa miezi kadhaa kwa sababu miwa iliyokomaa ilikuwa haba. Ukiambiwa "tulisaidiana," elewa kwamba haukulipwa wote. Kama ni kimojawapo cha vile vinne vya serikali vilivyokodishwa kwa wawekezaji mwaka 2025, uliza mwajiri kwenye barua yako ni nani hasa. Kisha nenda mizani asubuhi, usimame na madereva wa matrekta na wakulima, uwaulize wamelipwa hadi mwezi gani. Watu wa foleni ile wanaijua hali ya pesa ya kiwanda kabla mhasibu hajaijua.

Barua ya ajira nayo: muda wa majaribio kisheria hauzidi miezi sita, na kuuongeza kunahitaji ridhaa yako. Ndani ya muda huo notisi ni siku 7 tu kwa pande zote mbili, kwa hiyo usihamishe mtoto shule wiki ya kwanza.

Jambo la mume wako ndilo lililonisumbua. Anataka upumzike safari, lakini Nyando si Nakuru. Kupitia Londiani na Fort Ternan unafika, ila si njia ya kwenda na kurudi kila siku, na mvua ya Aprili ikinyesha matrekta yakazama mashambani, hata Jumapili hutarudi. Kama hamhami, umebadilisha tu upande wa kusafiri. Yeye ni mwalimu, anaweza kuomba uhamisho, lakini uhamisho huja kwa wakati wake. Keti naye mwamue hilo kwanza. Akikataa kuhama, basi zikatae zote mbili utafute kiwanda Nakuru. Maziwa, unga, mafuta ya kula, vyote viko hapo, na hoja yangu ni ileile: tafuta kiti kinachopigiwa simu usiku.

SWALI: Mama, mimi ni mhandisi wa kiwanda Kakamega, nimechoka na zamu. Nataka kuacha niwe mshauri wa kujitegemea. Kuna la kuniambia kabla sijaandika barua?
Mhandisi, Kakamega

JIBU: Lipo. Ujuzi unao, shida itakuwa kulipwa. Mteja atakata asilimia 5 ya kodi ya zuio kwenye ada yako kabla hujaiona. Dai cheti chake kila mara, maana bila hicho utalipa kodi ileile mara mbili. Mapato yakifika shilingi milioni 5 kwa mwaka, VAT, kodi ya ongezeko la thamani, inakuhusu. Na viwanda vya huku hulipa washauri baada ya wakulima, baada ya wafanyakazi, baada ya umeme. Weka akiba ya kula miezi sita, na sehemu ya kwanza ya ada iingie benki kabla hujapanda gari kwenda kwao.